Sanduku la jua linatoa hewa ya nyuzi 76 lakini mahindi hayakauki. Niongeze joto vipi?

MamaShiru_Njoro

Hamjambo wadau. Niko Njoro, nalima mahindi na mboga kidogo. Mvua ya Novemba imenikuta mahindi yakiwa uani. Asubuhi unaanika, saa nane unakimbizana na turubai. Bodi ya Nafaka hawapokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na mabroka wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanakuja na bei ya dharau wakati huu hasa.

Mpwa wangu aliona video ya Mmarekani mmoja akipasha nyumba yake joto kwa sanduku la jua, akanitengenezea moja la kukaushia. Fremu ni mbao za saiprasi, upana wa bati moja, urefu mita mbili. Juu kuna kioo cha milimita 4, ndani bati la mawimbi lililopakwa rangi nyeusi, chini plaiwudi tupu. Hewa inaingilia upande wa chini, inapita katikati ya kioo na bati, inatokea juu ambako kuna feni moja ndogo ya kompyuta inayoivuta, imeungwa na paneli ndogo ya sola. Kutoka hapo hewa inaingia kwenye kabati lenye wavu, mahindi yamemwagwa juu ya wavu kina cha futi moja hivi. Sanduku limeegemezwa kuelekea kusini, mwinuko wa nyuzi 45 kama kwenye video.

Saa saba mchana, jua likiwa wazi, kipimajoto pale hewa inapotokea kilisoma nyuzi 76. Nje ilikuwa 24. Ukiweka mkono unautoa mbio. Lakini mahindi! Yale ya chini yamekauka mpaka yanapasuka, ya juu bado yana jasho. Kijana anasema tuongeze kioo cha pili, au tutoe bati tuweke aluminiamu. Hela yangu inatosha jambo moja tu. Nifanye lipi?

Kijana_wa_Bahati

Mama, kodi mashine ya dizeli mmalizane. Jua la Novemba ni la kubahatisha.

MamaShiru_Njoro

Nikilipa kwa gunia, na dizeli ilivyo, nitakuwa nimemlimia mwenye mashine. Hapana.

Fundi_Kibuye

Mama Shiru, salamu kutoka Kisumu. Hii ndiyo kazi yangu, natengeneza vikaushio vya omena kwa akina mama wa Dunga na vya mboga za kienyeji kwa watu wa Maseno, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Joto unalo, tena limezidi. Hiyo 76 si sifa, ni dalili ya ugonjwa. Bati limepata moto na hakuna hewa ya kutosha ya kuuchukua. Na moto usiochukuliwa haukai pale kukungoja. Unatoka juu kupitia kioo na chini kupitia plaiwudi, na bati likizidi kuwa moto ndivyo unavyozidi kutoroka. Kioo cha pili na aluminiamu weka kando kwanza.

Usinunue kitu. Pima.

Kwanza ziba mianya. Feni yako inavuta, kwa hiyo kila ufa unaingiza hewa baridi ambayo haijaligusa bati. Washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, ipitishe polepole pembeni mwa kioo na kwenye kona zote. Mahali moshi unapovutwa ndani, hapo pana silikoni ya kutiwa.

Pili, pima hewa. Una yale magunia ya kuhifadhia mahindi yenye nailoni ndani? Chomoa ile nailoni ya gunia la kilo 90. Ikijaa inabeba takriban lita 125. Ijaze hewa kwa kuipeperusha, funga mdomo wake kwenye tundu la kuingilia, kisha mtu ashike simu ahesabu sekunde mpaka inyonywe ibaki bapa. Fanya hivyo mahindi yakiwa ndani ya kabati, si likiwa tupu. Feni ya kompyuta ni hodari sana ikiwa haina kazi.

Na kipimajoto kisipigwe na jua wala kisitazamane na bati. Kikitazamana nalo kitakusomea joto la bati badala ya joto la hewa.

MamaShiru_Njoro

Fundi, asante. Moshi ulikuwa unavutwa upande wote wa kushoto ambako kioo kinakutana na mbao, na kwenye kona ya feni. Tumeziba. Kipimajoto tumekitilia kivuli cha kadibodi, bado ni 76. Nailoni imechukua sekunde 14 kuisha. Hiyo ni mbaya?

Fundi_Kibuye

Tupige hesabu, utaona mwenyewe.

Njoro iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ina kama kilo 0.9. Mombasa ingekaribia 1.2. Kwa hiyo lita zako 125 ni gramu 113 hivi, na kwa sekunde 14 unapitisha gramu 8 kila sekunde. Kupandisha gramu moja ya hewa kwa nyuzi moja kunahitaji karibu juli 1 ya nishati, na juli moja kila sekunde ndiyo wati moja. Umepandisha gramu 8 kwa nyuzi 52. Hiyo ni wati 416 au 418, tusigombanie mbili.

Sasa upande wa jua. Kioo chako ni kama mita za mraba 1.8. Jua la saa saba bila wingu, chukua wati 900 kwa kila mita ya mraba. Zinaingia wati 1,620. Unatoa 418. Ufanisi ni asilimia 26. Robo tatu ya jua lako linarudi hewani, mama, na wewe unaunguza mkono ukidhani ni mali.

Ubaya wa hewa ni kwamba haipendi kupokea joto. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Ile hewa iliyogusa bati inakaa pale kama blanketi jembamba, na hewa ya katikati inapita zake bila habari. Ndiyo sababu kazi yote ya kuboresha hivi vitu ni mambo mawili: kupitisha hewa nyingi, na kuivuruga ile blanketi.

Kwa sanduku lako ningefanya hivi. Ondoa hewa juu ya bati, ipitishe chini yake. Hivi sasa hewa yako ya moto inasugua kioo njia nzima, na kioo ni baridi. Inua bati ubakishe nafasi ya sentimita 3 chini ya kioo, uizibe kabisa, hewa ya hapo isitembee. Chini ya bati acha njia ya sentimita 4 au 5.

Kisha geuza mawimbi ya bati. Hili ni la bure, na sielewi kwa nini video nyingi hazilisemi. Mawimbi yako yanakwenda urefu wa sanduku na hewa inateleza kwenye mifereji kama maji. Likate vipande viwili, uvigeuze mawimbi yakingame, yaani hewa iwe inavuka tuta, bonde, tuta, bonde. Kila tuta linaivuruga. Utapungukiwa na kama sentimita 20 mwishoni, tafuta kipande. Mahali vipande vinapopandana piga riveti na utie silikoni.

Ukikata, utaona rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Bati jipya la mabati halishiki rangi. Lisugue kwa siki, lisuuze, likauke juani, ndipo upake rangi nyeusi isiyong'aa, nyembamba. Mtu asikudanganye upake lami. Ikipata moto inatoa moshi, na hewa hiyo inakwenda kwenye ugali.

Aluminiamu sahau. Kwenye sanduku la jua la kupashia maji, bati huhitaji kusafirisha joto kuelekea kwenye bomba, hapo shaba na aluminiamu zina maana. Hapa hewa inagusa bati lote, joto halina safari ya kwenda. Bati la geji 30 linatosha.

Feni: toa hiyo moja, weka mbili za inchi 5 hivi, zinapatikana kwa wanaouza kompyuta kuukuu. Na uzihamishe kutoka juu kwenye moto uzipeleke chini kwenye tundu la kuingilia, zisukume badala ya kuvuta. Beringi za feni ya kompyuta hazipendi nyuzi 70. Ziunge moja kwa moja na paneli, bila betri. Jua likipungua zinapungua zenyewe, likiwaka zinaongeza.

Chini ya njia ya hewa weka maranda makavu sentimita 5, halafu plaiwudi nyingine. Sisi huku tunatumia pumba za mpunga kutoka Ahero, ila hakikisha hazina punje, ukitaka panya wasihamie. Kama una jamaa Molo mwenye kondoo, sufu ni nzuri zaidi. Chochote utakachoweka, kikilowa hakina kazi.

Na punguza mahindi! Futi moja ya mahindi kwa feni ya kompyuta ni ukuta. Weka kina cha kiganja, sentimita 8 hadi 10.

Mwalimu_Kkmg

Nafundisha fizikia hapa Kakamega, na nina la kuongeza kuhusu hilo suala la nyuzi 76, maana naona watu wengi wanaamini hewa ya moto zaidi inakausha zaidi.

Tuchukue hewa ya Njoro asubuhi, nyuzi 20, unyevu wa hewa asilimia 70. Ipashe mpaka 45 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 17. Ipashe mpaka 76, unashuka hadi 4. Sasa, mahindi yaliyofika asilimia 13.5 yanatulia kwenye hewa ya unyevu wa karibu 65 au 70. Hewa ya 17 tayari ina kiu ya kutosha. Ulichokosa ni wingi wa hiyo hewa ya kubeba mvuke kuutoa nje. Ndiyo maana mahindi yako ya chini yanapasuka na ya juu yanatoka jasho: hewa kidogo, moto mno, inajaa mvuke kabla ya kufika juu, kisha inapoa na kuutema.

Tena kuna mpaka. Mahindi ya mbegu yasipite nyuzi 43 hivi, yatakufa. Ya kusaga yasizidi 60, yanapata nyufa na kinu kinayafanya vumbi. Na nyufa ni mlango wa ukungu. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi, iliua watu 125 Ukambani, tusifanye mzaha na kukausha.

Ila Fundi, kwa heshima, kuna pahali sikubaliani nawe. Badala ya kuacha hewa ya juu imekaa bure, ipitishe kwanza kati ya kioo na bati, ikifika mwisho igeuke irudi chini ya bati. Njia mbili. Ile safari ya kwanza inaokota joto lililokuwa likitorokea kwenye kioo, ya pili inamalizia. Kwa kiasi kilekile cha hewa ufanisi unakuwa juu zaidi ya njia moja.

Na mwinuko wa nyuzi 45 kusini ni wa huko Marekani. Njoro iko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Mwezi huu jua liko kusini kidogo kwa hiyo hasara si kubwa, lakini Machi na Septemba linapita utosini, na Juni liko kaskazini kwa nyuzi 23. Sanduku hilo Juni litakuwa linaangalia pembeni kabisa. Weka nyuzi 10 hadi 15, mvua iteremke kwenye kioo, na utie miguu ambayo unaweza kuigeuza kusini au kaskazini kulingana na msimu.

Fundi_Kibuye

Mwalimu, kwa karatasi uko sawa. Njia mbili inashinda, nimezijenga. Lakini njia mbili ina kona ya kugeuzia hewa, na pale kwenye kona ndipo fundi wa kawaida anapoacha ufa, hewa inakata njia ya mkato. Tena feni inalemewa mara mbili, na hapa tunazungumzia feni ya kompyuta. Vilevile ile ya juu inaleta vumbi na vumbi linakaa ndani ya kioo ambako kitambaa hakifiki. Mwezi wa Januari vumbi la Nakuru mnalijua. Mama ana mpwa, msumeno na hela ya jambo moja. Njia moja, chini ya bati.

Kuhusu mwinuko nakubali, na naongeza: huku kwetu magharibi mvua inakuja alasiri, asubuhi ndiyo jua la uhakika. Mimi huinamisha masanduku ya Maseno kidogo upande wa mashariki. Mama Shiru, wewe ndiye unayejua mawingu ya kwako yanatokea saa ngapi.

Mwalimu_Kkmg

Sijashawishika kuhusu kona, ila tusimchanganye mama. Kioo cha pili je? Hujakijibu.

Fundi_Kibuye

Kioo kimoja kinakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jua. Cha pili kinakula tena. Unalipa kodi hiyo kutwa nzima ili kuzuia joto lisitoroke kwenye bati lenye moto mkali. Sasa sisi tunalipoza bati kwa hewa nyingi, linashuka, la kuzuia linakuwa dogo. Kioo cha pili ni cha watu wa baridi wanaotaka hewa moto sana nje kukiwa na theluji.

Kijana_wa_Bahati

Na kama hana hela ya kioo kabisa, nailoni ya grinihausi inafaa? Naulizia sanduku langu mwenyewe sasa, mmenishika.

Fundi_Kibuye

Karibu chamani. Nailoni inafaa, mwanga inapitisha vizuri, lakini na lile joto lisiloonekana la bati inaliachia litoke, kioo hulizuia. Na upepo ukiipiga inapumua, kila pumzi inapoza. Ikiwa ndiyo uwezo wako, ikaze sana na ununue ile ya kuhimili jua. Ya kawaida inapasuka upesi.

MamaShiru_Njoro

Wadau nimerudi na ripoti. Tumekata bati tukageuza mawimbi, hewa sasa inapita chini. Siki imefanya kazi, rangi haijabanduka hata kwa ukucha. Maranda tumepewa bure na mwenye mashine ya mbao, amefurahi kuyaondoa. Feni mbili ziko chini, zinasukuma. Kijana alitaka kuziunga na betri ya pikipiki, nikamwambia soma alichoandika Fundi.

Sanduku sasa limelala, mwinuko kama wa paa la kuku.

Jua la saa saba, nje 24, kutoka ni 52. Mpwa alinuna, akasema tumeliharibu. Nikamwambia lete nailoni. Sekunde 5. Nimepiga hesabu kama ulivyofanya: gramu 113 kwa sekunde 5 ni gramu 22 na kitu, mara nyuzi 28, nimepata wati 630 na ushei. Kwa 1,620 ni asilimia 39. Kijana amenyamaza.

Kabati lina kina cha sentimita 10 sasa. Ya juu na ya chini yanakwenda pamoja, sijaona ya kupasuka. Sina kile kipimo cha unyevu, natumia chumvi: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Ile ya kabla ya kukausha chumvi ilinata kwenye kioo cha chupa kote. Ya jana jioni imeshuka chini yote, haijanata.

Swali la mwisho. Gunia moja linanitoa maji kiasi gani, nijue nipange ngapi kwa siku? Na asubuhi nikifungua kabati mahindi yana baridi na ni kama yana unyevu tena. Ni macho yangu?

Mwalimu_Kkmg

Hiyo chumvi kutonata inakuambia umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Haikuambii umefika 13.5. Kausha zaidi kidogo baada ya hapo, na kabla ya kupeleka Bodi omba mtu mwenye kipimo.

Gunia la kilo 90 likiwa na unyevu wa 20, kufika 13.5 linatoa karibu kilo 7 za maji. Kuyageuza mvuke kunataka kama kilowati-saa 4.6. Sanduku lako likifanya wati 630 kwa saa sita ni 3.8, na si zote zinazoingia kwenye punje, nyingine zinatoka na hewa. Kwa hiyo nusu gunia kwa siku ya jua zuri, na usiahidi mtu zaidi. Ukitaka zaidi jenga sanduku la pili pembeni ya hili, usilirefushe hili hili.

Fundi_Kibuye

Si macho yako. Usiku feni zimelala lakini njia iko wazi. Kioo na bati vinatazama anga, vinapoa kuliko hata hewa ya nje, na ile hewa ya baridi yenye umande inazunguka mpaka kwenye kabati. Mahindi makavu yanainywa. Kazi ya mchana inarudishwa usiku.

Weka vifuniko viwili, kimoja kwenye feni na kimoja kati ya sanduku na kabati, kipande cha plaiwudi chenye bawaba na mpira wa tyubu ya baiskeli pembeni ili kibane. Funga jua linapoanza kulegea, usingoje giza. Asubuhi usifungue mapema kwa haraka ya kazi: feni zikianza kuzunguka zenyewe, weka mkono pale inapotokea, hewa ikiwa ya uvuguvugu ndipo uachie iingie kwenye mahindi. Yale yaliyokwisha kukauka usiyalaze kwenye kabati hata usiku mmoja. Yaache yapoe, yatie kwenye gunia la nailoni, funga.

Na ile nailoni ya kupimia usiirudishe kwenye gunia la mahindi kabla hujaikagua. Ikiwa na tundu dogo la waya, dumuzi wataingia.